SOMO: TUNABISHANIA NINI WAKATI WA UGONJWA?

Ugonjwa wa mlipuko ukiingia, watu hubishana sana. Katika somo hili tutazame chanzo cha mabishano hayo.

Tukumbuke mwaka 2020. Machi 16 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Tangu siku hiyo maneno yaliruka katika simu zetu kama nzige. Mmoja alihimiza barakoa, mwingine akaiita woga. Mmoja alisifu kujifukiza, mwingine akadai takwimu. Chanjo ilipoanza kutolewa Julai 2021, mabishano yakazidi.

Wakati huo ukoo wetu ulifiwa. Mdogo wangu aliwaandikia jamaa, "Tuzike wachache." Dada yetu mkubwa akajibu, "Mnataka tumtupe marehemu?" Mimi, niliyefundisha walimu miaka mingi, niliandika mbele ya wote kwamba dada hana elimu. Alinyamaza, wala hakunipigia simu mwaka mzima. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Kosa langu lilikuwa nini? Mdogo wangu alitetea uhai. Dada alitetea heshima ya marehemu na umoja wa ukoo. Wote wawili walisimama juu ya jambo jema. Ndivyo ilivyo hata kwa wengine: huyu hushika utii, yule uhuru, mwingine haki ya maskini.

Je, basi kila neno ni sawa? La. Tutenge maswali mawili. La kwanza: ugonjwa huambukizwaje? Hili hujibiwa kwa uchunguzi. Korona huenea kwa pumzi, hasa watu wanaposongamana ndani, na nia njema haibadilishi jambo hilo. La pili: tumheshimuje marehemu? Hili hujibiwa kwa kusikilizana. Ningemwuliza dada hivyo, tungeweza kupatana: wachache wazike, sisi wengine tukutane baadaye kwa ibada ya kumbukumbu.

Mwishowe nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akasema, "Hukunikosea kwa kubisha. Ulinikosea kwa kunidharau."

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika ubishi wako wa mwisho, mwenzako alikuwa akitetea jambo gani jema?
2. Umewahi kupeleka habari ya ugonjwa bila kuihakikisha? Ilimfikia nani?
3. Je, yupo mtu unayepaswa kumwomba radhi?