Karata Mezani na Jirani Yetu

Somo la kujifunza pamoja
Masomo: Matendo 1:23-26, Yohana 19:23-24, 1 Wakorintho 10:23-24, Warumi 14:13-21

Swali linaloulizwa mara nyingi katika vikundi vyetu ni hili: Je, Mkristo anatenda dhambi akicheza karata za fedha pamoja na rafiki zake? Wako wanaojibu upesi "Ndiyo", na wako wanaojibu upesi "Hapana". Sisi tusiwe na haraka. Tuchukue mfano mmoja, tuuchambue, kisha tuupime kwa Maandiko.

1. Mfano wetu

Huko Marekani, watu waliocheza zamani katika timu moja ya shule au chuo hupenda kukutana tena ukubwani. Wengi huenda Las Vegas, katika jimbo la Nevada, ambako kamari imeruhusiwa na sheria tangu mwaka 1931. Basi tuwawazie wanaume sita wa makamo waliocheza pamoja mpira wa kikapu. Mmoja wao hupenda karata za poka. Yeye si mcheza kamari wa kazi. Ana ajira, ana mke na watoto, naye hucheza kwa burudani tu. Ndiye aliyewaalika wenzake waende kasino kwa siku tatu.

Kwanza tukiri kwamba kukutana kwao ni jambo jema. Mhubiri 4:9-12 yatufundisha faida ya kuwa na mwenzi: mmoja akianguka, mwingine amwinue. Watu waliochoka pamoja, wakashindwa pamoja na kushinda pamoja, wamepewa zawadi. Tusiwahukumu kwa safari yao.

2. Mchezo wenyewe

Mingi ya michezo ya kasino ni ya mchezaji kushindana na mwenye nyumba. Gurudumu la ruleti la Marekani lina nafasi 38, lakini aliyebahatisha namba moja hulipwa kana kwamba nafasi ni 36 tu. Hapo ndipo mwenye nyumba apatapo faida yake, na haiondoki hata mchezaji awe hodari namna gani.

Poka ni tofauti. Hapo wachezaji hushindana wao kwa wao, na ustadi una nafasi kubwa. Kila mmoja hupewa karata za siri. Wanaotaka kuendelea huweka fedha katikati ya meza. Mwenye karata bora, au aliyewatisha wengine wote wakajitoa, huzichukua zote. Seti za karata tano zinazoweza kutoka katika karata 52 ni 2,598,960, na iliyo kuu kuliko zote hupatikana kwa njia nne tu. Kwa hiyo mchezaji hawezi kungoja karata nzuri peke yake. Hana budi kumsoma mwenzake usoni.

Wengine husema kwamba kutisha bila karata ni uongo. Hatudhani hivyo. Mchezaji wa mpira akipiga chenga hamdanganyi mtu, kwa sababu wote wamekubali chenga ni sehemu ya mchezo. Lakini tuangalie jambo jingine. Rafiki wa zamani anamjua mwenzake kuliko mgeni amjuavyo. Anajua jinsi anavyokaza taya akiogopa, na jinsi anavyocheka akitaka kuficha aibu. Aliyajifunza hayo uwanjani, ili amsaidie mwenzake anapolemewa. Sasa ujuzi uleule unatumika kumchukulia fedha zake. Uwanjani mmoja akifunga, wote sita walifurahi. Mezani mmoja hafurahi mpaka mwingine apoteze.

3. Tufanye hesabu

Tuseme kila mmoja ameweka dola 200; jumla ni dola 1,200. Mwenye kasino hakati tamaa kwa kuwa wanacheza wao kwa wao, maana hukata ushuru wake katika fedha za kila mchezo. Tuseme hukata dola 3, na kwa saa moja karata zinagawiwa mara 25. Hizo ni dola 75 kwa saa, na kwa saa nne ni dola 300. Marafiki wakiinuka, mezani zimebaki dola 900. Hata kama mmoja ameshinda, wote kwa pamoja wamepungukiwa, na alichopata mshindi kimetoka mfukoni mwa wenzake.

Mtu atasema, "Basi na wakae na wageni, wasichukuliane fedha." Lakini je, mgeni si jirani? Bwana wetu alilijibu swali hilo kwa mfano wa Msamaria Mwema.

4. Maandiko yasemavyo

Biblia haina amri inayotaja kamari kwa jina. Kura zenyewe hazikulaumiwa: mitume walipiga kura, Mathiya akahesabiwa pamoja nao. Lakini katika kura ile hakuna aliyetafuta mali ya mwenzake.

Kura ya Yohana 19 ni nyingine. Askari waliona kanzu isiyo na mshono, wakaona ni hasara kuipasua, wakapiga kura. Tutazame vizuri walipokuwa. Msalaba ulikuwa karibu nao, na Mwenye kanzu alikuwa akiteseka juu yao. Macho yao yalikuwa kwenye vazi. Hii ndiyo hatari ya meza ya kamari: twaweza kushughulikia kilicho mezani tusimwone anayeumia karibu nasi.

Kanisa la Uingereza katika kanuni zake za mwaka 1604 liliwakataza makasisi kupoteza wakati kwa dadu na karata. Baadaye William Temple, Askofu Mkuu wa Canterbury tangu 1942 hadi 1944, alieleza sababu iliyo ya ndani zaidi: kujipatia faida kutokana na hasara ya wengine ni kinyume cha kumpenda jirani. Ndilo fundisho la Paulo katika 1 Wakorintho 10: jambo laweza kuwa halali, lakini tuulize kama linamfaa mwenzetu.

5. Ndugu aliye dhaifu

Kati ya wale sita, watano waweza kupoteza dola 200, wakacheka, wakaenda kulala. Je, yule wa sita? Labda ana madeni ambayo mkewe hayajui. Kasino humpa mchezaji vinywaji bure, na mashine ya kutolea fedha haiko mbali. Kila akipoteza huwaza kwamba sasa zamu yake ya kupata imekaribia. Lakini karata zikichanganywa upya hazikumbuki nani aliyepoteza.

Tangu mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani wameihesabu hali ya kushindwa kuacha kamari kuwa ugonjwa. Basi tusimdharau mtu huyo kama mvivu au mpumbavu. Warumi 14 yatutaka tusiweke kikwazo mbele ya ndugu, hata kama sisi wenyewe hatujikwai.

6. Yatupasa tufanye nini?

Wanaokutana na wakutane, wala wasiifanye kamari kuwa sababu ya kukutana. Wakitaka karata, wacheze bila fedha, au waweke kiasi kidogo kitakachonunua chakula cha wote. Na mwenye kualika amwulize kila mmoja faraghani kama safari hiyo itamletea shida, kwa maana mbele ya wenzake hatasema.

Nasi tusidhani jambo hili li mbali. Ubashiri wa mpira umo katika simu za vijana wetu, na fedha hupotea bila hata rafiki mmoja wa kusema, "Ndugu yangu, sasa inatosha."

Maswali ya mazungumzo

1. Kuna tofauti gani kati ya kura ya Mathiya na kura ya wale askari?
2. Je, faida yetu yoyote, hata katika biashara, hutokana na jirani kuumia?
3. Mwenzetu akiwa na madeni ya kamari, kikundi chetu kitamsaidiaje bila kumtia aibu?

Sala

Ee Bwana, uliyevuliwa kanzu yako kwa ajili yetu, utufumbue macho tumwone jirani aliye karibu nasi. Uwaokoe waliofungwa na kamari, na utupe urafiki usiotafuta faida. Amina.