Dondoo muhimu: Kutoka Luberizi hadi kwenye baridi

Luberizi, katika bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, haimwandai mtu kwa theluji. Huko nguo nyepesi hutosha mwaka mzima. Huko Portland, jimbo la Maine nchini Marekani, ambako Wakongo wengi wamehamia, wastani wa joto la Januari uko chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Nguo kadhaa nyembamba zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda koti moja zito, maana hewa iliyonaswa kati yake ndiyo inayohifadhi joto. Viatu visivyopitisha maji vinunuliwe kabla ya koti, hata kwenye maduka ya mitumba.

Joto la nyumba hulipiwa, na bili ya Januari hushtua. Kulizima kabisa ni hasara: maji huganda na mabomba hupasuka. Mpango wa serikali ya Marekani uitwao LIHEAP husaidia familia zenye kipato kidogo kulipa bili hiyo. Maombi yapelekwe mapema. Mbabula (jiko la makaa) isiwashwe ndani kamwe, hata usiku mmoja. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa wakiwa usingizini.

Mkimbizi aliyesafirishwa kwa mkopo wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) huanza kuulipa miezi michache baada ya kufika. Hauna riba, ila ucheleweshaji huharibu sifa ya kukopa, na wenye nyumba huiangalia.

Sombe (majani ya muhogo) iliyogandishwa na ndagala (dagaa) hupatikana kwenye maduka ya Kiafrika, kwa bei ya juu. Mchele, maharage na kabichi vya duka la kawaida hupunguza gharama.

Fedha za kutuma kwa ndugu nyumbani zipangwe baada ya kodi na umeme.