Somo la Wiki: "Requirements" ni Mahitaji, Masharti au Haja?

Jumamosi iliyopita niliwapa sentensi ya kutafsiri yenye neno "requirements". Karibu wote mliandika "mahitaji". Sentensi yenyewe ilihusu viza. Sasa viza ina mahitaji gani, jamani? Haili wala hailali. Viza ina masharti.

Sharti ni jambo unalotakiwa kulitimiza kwanza ndipo upewe unachokitaka. Wakubwa wa darasa la mwisho mnalijua vizuri: hapa New South Wales, kijana wa chini ya miaka 25 anayejifunza kuendesha gari sharti aandikishe saa 120 barabarani, 20 kati yake za usiku, kabla ya kufanya mtihani wa leseni ya P. Hilo ni sharti. Angalieni pia kitenzi kinavyokuja baada yake: sharti aandikishe, sharti ufike, sharti tulipe.

Mahitaji ni vitu ambavyo maisha hayaendi bila hivyyo: chakula, maji, dawa, pa kulala. Mwaka 2021 Sydney ilipofungwa, kuanzia Juni 26 hadi Oktoba 11, tuliruhusiwa kwenda dukani kununua mahitaji ya lazima. Masharti tunayatimiza, mahitaji tunayakidhi. Msichanganye.

Limebaki "haja", ndugu yake "hitaji", maana yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Tunasema "hakuna haja ya kuja". Lakini kwenda haja ni kwenda chooni, na hapo ndipo pana hatari.

Kazini kwangu, bibi mmoja wa pwani alikuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi akauliza mahitaji yake, mjukuu wa miaka 12 akatafsiri: "Bibi, wanauliza una haja?" Bibi akaona aibu, akajibu, "La, nimeshakwenda." Kwenye faili ikaandikwa kwamba hahitaji chochote. Nilipoingia zamu ya mchana nikamkuta amekaa kitandani na mkoba wake, hana fremu ya kutembelea wala mtu wa kumfunga kidonda nyumbani. Tulimzuia hadi kesho yake. Mtoto alilia, masikini, na kosa halikuwa lake. Sisi watu wazima ndio tuliompa kazi isiyo yake.

Kwa hiyo wazazi, hospitali za serikali hapa hutoa mkalimani bila malipo. Mwombeni, hata kama mtoto anajua Kiingereza kama maji.

Kazi ya nyumbani: andika sentensi tatu, moja ya masharti ya kujiunga na timu yako ya mpira, moja ya mahitaji ya mtoto mchanga, na moja yenye "hakuna haja". Muulize bibi au babu kwa simu kama umepatia. Daftari nitazikusanya Jumamosi, kabla ya chai.