Jina Jipya, Kazi Ileile: Fundisho Kutoka Jarida la Masomo ya Mtandaoni



Ndugu msomaji, katika metafizikia tunafundishwa kutofautisha kiini cha kitu na sifa zake za nje. Mtu hunenepa, hukonda, huota mvi, na bado ni yuleyule. Je, chombo cha elimu nacho kinaweza kubadili jina na kiongozi, kikabaki kilekile? Swali hili linatugusa, kwa kuwa parokiani walezi huhamishwa, na mafundisho mengi siku hizi hupitia simu. Tulitazame kwa mfano mmoja.

1. Historia kwa ufupi

Mwaka 1997, nchini Marekani, lilianza jarida la kitaaluma lililoitwa Journal of Asynchronous Learning Networks, mhariri wake mwanzilishi akiwa John Bourne. Jina hilo lilihusu masomo ambayo mwalimu na mwanafunzi hawalazimiki kukutana saa moja: huyu anaandika leo, yule anajibu kesho. Jarida lilikuwa la Sloan Consortium, muungano wa wadau wa elimu ya mtandaoni. Mwaka 2014 muungano huo ulichukua jina la Online Learning Consortium, na jarida likaitwa Online Learning, yaani Kujifunza Mtandaoni. Uhariri mkuu nao ulipita kwa wengine, akiwemo Peter Shea.

2. Kilichobadilika na kilichobaki

Jina jipya ni pana zaidi. La kwanza lilitaja namna moja tu ya kufundisha. La pili linabeba hata darasa la video la papo kwa papo. Lakini jarida la kitaaluma halisimami kwa jina. Linasimama kwa utaratibu: makala hupelekwa kwa wataalamu wengine, huhakikiwa, hurekebishwa au hukataliwa, ndipo huchapishwa. Mhariri mpya akiuacha utaratibu huo, jina la zamani halitaliokoa jarida. Akiutunza, jina jipya halitalidhuru. Hapa tunamkumbuka Aristotle: ili kukijua kitu, tuulize pia kipo kwa ajili gani.

3. Uwepo wa mwalimu

Mwaka 2001 jarida hilo lilichapisha makala ya Terry Anderson na wenzake kuhusu uwepo wa mwalimu katika mijadala ya kompyuta. Waliugawa katika sehemu tatu: kupanga somo, kuongoza mazungumzo, na kufundisha moja kwa moja. Tuone basi kwamba mwalimu anaweza kusimama mbele ya darasa na asiwepo, na anaweza kuwa mbali na akawepo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika swali la 11 la De Veritate, anatusaidia kuelewa sababu. Mwalimu hamimini elimu kichwani mwa mwanafunzi kama maji mtungini. Anamsaidia kutumia mwanga wa akili aliopewa na Mungu, ili kile alichokuwa nacho kama uwezekano kiwe tendo. Msaada huo unaweza kupita katika sauti, barua au skrini.

4. Mipaka

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Hati ya Kanisa na Intaneti ya mwaka 2002 inasema wazi kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Na mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohane, ingawa alitumia karatasi na wino, alitamani kufika na kuonana na waamini wake ana kwa ana. Barua ilikuwa na kazi yake; haikuchukua nafasi ya kukutana.

Hitimisho

Katekista mpya akipewa kikundi cha mafundisho, au kikundi kikihamia kwenye simu, tusikimbilie kusema kimekufa, wala tusishangilie upya kwa sababu tu ni upya. Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba mmoja hupanda na mwingine humwagilia, lakini ukuaji ni wa Mungu. Tupime kama ukweli bado unatafutwa kwa bidii, na kama kuna mtu anayemjali mwanafunzi.

Maswali ya kutafakari

- Katika jumuiya yetu, ni mazoea gani tunayatetea kana kwamba ndiyo kiini?
- Ninapofundisha kwa simu, je, napanga, naongoza na kufundisha, au natuma ujumbe tu?
- Ni nani anayesubiri nimtembelee, si kumwandikia?