SOMO LA UFUNDI: TAA ZA RANGI NDANI YA GARI

Barabara itokayo Nyololo, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, hupita Igowole katika Wilaya ya Mufindi na kuendelea hadi Mgololo penye kiwanda cha karatasi. Barabara hiyo hutumiwa na magari ya abiria, malori ya magogo na magari ya majani ya chai, pamoja na watu wengi waendao kwa miguu. Nyakati za baridi ukungu hushuka, na dereva huwa na hatua chache tu za kuona mbele yake. Katika mazingira hayo, mtindo wa kupamba gari kwa mikanda ya taa zinazobadilika rangi ni jambo linalostahili kufundishwa kwa makini.

Taa hizo zina manufaa. Abiria huona ngazi anaposhuka, huhesabu chenji yake bila wasiwasi na huupata mzigo wake chini ya kiti. Hata hivyo, taa zikifungwa vibaya zinaweza kumnyima dereva uwezo wa kuona, kumaliza betri usiku au kuunguza gari. Somo hili linaeleza namna ya kupata manufaa hayo bila kuleta madhara.

TAA HIZI NI NINI

Taa za LED hutoa mwanga wakati umeme unapopita katika kipande kidogo cha kitu ambacho ni nusu-kipitishi, bila waya wa ndani kuchomwa hadi uwe mwekundu kama ilivyo katika balbu ya zamani. LED nyekundu ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak wa Marekani. Ya bluu iliyo angavu ilichelewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wataalamu wa Japani walioiwezesha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Bila bluu hiyo, mkanda wa taa za rangi zote usingewezekana.

Kila taa ya mkanda ina vyanzo vitatu: chekundu, kijani na bluu. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, jicho huona manjano; nyekundu na bluu huleta zambarau; zote tatu huleta nyeupe. Kidhibiti huwasha na kuzima kila rangi mara mamia kwa sekunde, na jicho huona mwanga uliopungua au kuongezeka. Kwa sababu hiyo mkanda wa kawaida huwa na nyaya nne: mmoja wa chanya ya pamoja, na mitatu ya rangi.

HESABU KABLA YA KAZI

Fundi asinunue mkanda kabla ya kujua umeme wa gari. Magari madogo, zikiwemo Noah na Hiace nyingi, hutumia volti 12. Malori na mabasi mengi makubwa hutumia volti 24. Mkanda wa volti 12 ukiunganishwa na volti 24 utaungua. Katika gari la volti 24 utumike mkanda wa kiwango hicho, au kipunguza volti kifungwe kabla ya mkanda.

Aidha, gari la volti 12 halitoi volti 12 wakati wote. Injini ikiwaka, jenereta yake huchaji kwa volti zipatazo 14. Mkanda wa bei nafuu uliotengenezwa kwa volti 12 kamili hupata umeme uliozidi, huchemka na huchakaa mapema. Ni vyema kuchagua mkanda ulioandikwa kuwa ni wa magari.

Tuchukue mfano wa Noah inayofungwa mita 3 za mkanda wenye taa 30 kwa kila mita. Mkanda wa aina hiyo wenye taa kubwa hutumia takriban wati 7.2 kwa mita ukiwaka mweupe. Mita 3 ni wati 21.6. Wati 21.6 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 1.8, injini ikiwaka kiasi hicho huongezeka. Fyuzi ya ampea 5 na waya wa milimita 1 ya mraba vitatosha.

Hesabu ya pili ni ya betri. Ampea 1.8 kwa saa 10 za usiku ni ampea-saa 18. Betri ya ampea-saa 45 itakuwa imepoteza asilimia 40 ya akiba yake kwa usiku mmoja wa taa zilizosahauliwa. Ikumbukwe kwamba baridi nayo hupunguza nguvu ya betri ya kuzungusha injini. Gari lililotegemewa kumpeleka mgonjwa hospitali alfajiri linaweza kushindwa kuwaka kwa sababu ya mapambo.

HATUA ZA KUFUNGA

1. Gari lizimwe na waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Waya huo utarudishwa mwisho, baada ya kazi yote.

2. Umeme uchukuliwe kwenye mkondo unaokatika ufunguo unapotolewa. Fundi ahakikishe kwa mita ya umeme kabla ya kukata chochote. Kwa njia hiyo taa haziwezi kusahauliwa zikiwaka, na kidhibiti hakitaendelea kunywa umeme kidogo kidogo gari likiwa limelala.

3. Fyuzi ifungwe karibu kabisa na mahali umeme unapochukuliwa. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Waya ukichubuka na kugusa bodi, sehemu yote iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi. Fyuzi iliyokatika isizibwe kwa kipande cha waya wala karatasi ya sigara, chanzo kitafutwe.

4. Waya wa hasi ufungwe kwenye skrubu ya bodi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane.

5. Nyaya zipitishwe chini ya zulia au nyuma ya plastiki za pembeni, mbali na pedali, usukani, reli za viti na mikanda ya usalama. Kila zinapopita kwenye tundu la chuma, tundu livikwe mpira. Nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo mara nyingi huwa na soketi za manjano, zisiguswe wala kupimwa.

6. Mkanda ukatwe tu kwenye alama zilizochorwa. Maungio yalehemiwe kwa risasi na kufunikwa vizuri. Kusokota nyaya na kuzizungushia utepe hakutoshi katika gari linalotikiswa na barabara ya vumbi.

7. Mahali pa kubandika pafutwe kwa spiriti na kukauka. Mkanda uliofunikwa kwa silikoni unafaa zaidi, kwa kuwa madirisha ya gari la abiria hutoa jasho na sakafu hupata matope.

MAHALI PA TAA NA RANGI YAKE

Jicho la binadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 ili lizoee giza kikamilifu. Mazoea hayo hupotea kwa muda mfupi likipata mwanga mkali. Sehemu ya jicho inayofanya kazi gizani huathiriwa zaidi na bluu na kijani, na kidogo zaidi na nyekundu. Taa ya bluu karibu na dashibodi, ingawa huonekana ya kupendeza, ndiyo inayomchelewesha dereva kumwona mtu aliyevaa koti jeusi kando ya barabara.

Zaidi ya hayo, kioo cha mbele hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia pale ndani panapokuwa na mwanga kuliko nje. Dereva huona kivuli cha taa zake mwenyewe juu ya ukungu. Kwa hiyo taa zote ziwekwe nyuma ya kiti cha dereva, chini ya viti au chini ya kingo, zikielekea sakafuni. Ziwe hafifu na za rangi moja tulivu gari linapokwenda. Kubadilika kwa rangi na kumetameta kuachwe hadi gari lisimame, kwa sababu jicho huvutwa na kitu kinachobadilika hata kama mtu hataki. Rimoti isikae mkononi mwa dereva.

WAJIBU WA MMILIKI

Vifaa na taa za magari husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Mwanga wa ndani usionekane nje kiasi cha kuwapotosha wengine: nyekundu inayoonekana mbele humfanya anayekuja adhani anatazama nyuma ya gari, na bluu inayometameta hufanana na ya gari la dharura. Mmiliki wa gari la abiria aulize kwanza ofisi ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua kazi ya SUMATRA ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, pamoja na Polisi wa Usalama Barabarani.

Watumishi wa umma wanakumbushwa kwamba gari la Serikali halipambwi kwa hiari ya dereva. Matengenezo yake hupitia Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), ulioanzishwa mwaka 2005.

JARIBIO LA MWISHO

Kazi isikabidhiwe mchana. Gari lisimamishwe usiku mahali penye giza na salama, injini iwake, na taa za ndani ziwashwe kwa kiwango kitakachotumika safarini. Mmiliki akae kwenye kiti cha dereva na mtu mwenye nguo nyeusi asimame mbele, nje ya mwanga mkali wa taa kubwa. Taa za ndani zizimwe, kisha ziwashwe tena. Ikiwa mtu huyo anaonekana vibaya zaidi taa zinapowaka, au mkanda unaonekana kwenye kioo cha mbele, taa zipunguzwe, zihamishwe au ziondolewe. Baada ya dakika 30, maungio na fyuzi viguswe. Kinachochoma mkono kina kasoro na kirekebishwe kabla ya gari kupakia abiria.

Wamiliki na mafundi wanahimizwa kulifanya jaribio hili kwa kila gari, pasipo kujali ukubwa wa kazi.