Kenge Mkubwa wa Komodo na Chakula Chake

Watu wengi wa Afrika Mashariki wamjua kenge, yule mnyama wa kando ya mito aibaye mayai na vifaranga. Katika nchi ya Indonesia, kwenye visiwa vya Komodo, Rinca na Flores, yuko ndugu yake ambaye ni mkubwa kuliko mijusi yote iliyo hai duniani. Urefu wake waweza kufika mita 3, na uzito wake kilo 70 au zaidi. Wenyeji humwita ora.

Ora hula nguruwe mwitu, nyati, na hasa wanyama wa pembe wafananao na kulungu. Huwavizia njiani na kuwauma kwa meno makali kama msumeno, na sumu ya kinywani mwake huizuia damu isigande. Mtu angedhani kwamba mnyama mwenye silaha kama hizo hana la kuogopa. Sivyo.

Kati ya Komodo na Rinca kiko kisiwa kidogo kiitwacho Padar. Hapo zamani ora waliishi huko, lakini katika miaka ya 1970 walitoweka. Wataalamu waona kwamba sababu kubwa ni wawindaji haramu, ambao waliwamaliza wanyama wa pembe. Basi ora hawakumalizwa kwa mkuki wala kwa bunduki, bali kwa njaa.

Mwaka wa 1980 Serikali ya Indonesia ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Komodo, na askari wake huwalinda ora pamoja na mawindo yao. Hata hivyo hatari haijaisha. Huko Flores misitu hukatwa na kuchomwa moto ili kupata mashamba, na bahari inayopanda kwa sababu ya joto la dunia yatishia mabonde ya pwani. Mwaka wa 2021 ora aliandikwa rasmi miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Waliokomaa walikadiriwa kuwa 1,400 hivi.

Fundisho la Padar lafaa hata mbali na Indonesia. Mahali ambapo mitego ya nyaya huwamaliza swala na punda milia, simba mwenye njaa hugeukia zizi la ng'ombe, na mwenye ng'ombe humwua. Amlindaye mnyama hana budi kukilinda na chakula chake.