Chunusi zimenifanya nijifiche

*Daktari, nina miaka 19, nauza vitenge Kariakoo. Uso umejaa chunusi, wateja wananiuliza kama naoga. Sasa navaa barakoa kutwa. Nimepaka mkorogo wiki mbili, zimezidi. Nifanyeje?*
*S., Gerezani*

Mwanangu, wewe si mchafu. Homoni za ujana huzidisha mafuta ya ngozi, matundu yakaziba, bakteria wakazaliana humo. Jasho chini ya barakoa huchochea.

Mkorogo uache leo. Mara nyingi huwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki, na steroidi yenyewe huzalisha chunusi. Ukiuacha, uso unaweza kuwaka kwa wiki kadhaa, tafadhali usiurudie.

Nawa kwa sabuni laini asubuhi na usiku, usitumbue. Famasini ulizia jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, paka kidogo usiku, uipe wiki 8 hadi 12. Osha mikono baadaye: jeli hiyo hufifisha rangi za vitambaa, na vitenge ndiyo riziki yako.

Maneno ya wateja yanauma, wala hujidekezi. Mwambie mtu unayemwamini. Ukipata vinundu vyenye maumivu au makovu, ukikosa usingizi, au ukiona maisha hayana maana, usingoje: nenda Hospitali ya Mnazi Mmoja au Muhimbili, umweleze daktari ya uso na ya moyo pia.